TAHARIRI: WhatsApp si depo, tutunze video za asili za Kamina

Mwaka 1958, kwaya ya vijana na walimu wa shule ya Kamina iliimba Missa Luba katika misheni ya hapa mjini. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ndiye aliyeianzisha kwaya hiyo. Mwaka huo huo ilisafiri Ulaya, na kampuni ya Philips ikaweka misa hiyo kwenye sahani. Miaka kumi baadaye, mwaka 1968, sauti za watoto wa Kamina zikasikika katika filamu ya Uingereza iitwayo if.... Leo, zaidi ya miaka 60 imepita, na bado tunaweza kuzisikiliza.

Sasa tujiulize: ni video gani ya Kamina iliyopigwa miaka mitano iliyopita ambayo wajukuu wetu wataweza kuitazama vizuri? Vijana wenye simu na kamera wako kila mtaa. Wanapiga ndoa, matanga, sherehe za parokia, ajali za treni, ziara za wakubwa. Kazi inafanyika usiku, asubuhi video iko kwenye makundi ya WhatsApp, kisha simu inajaa na ile ya asili inafutwa. Inayobaki ni ile iliyopitia mikono ya watu mia. Nyuso hazionekani, sauti imekwaruza.

Sababu inajulikana. Ukituma video kwa njia ya kawaida, WhatsApp huibana ili iwe nyepesi, na huondoa habari zilizofichwa ndani ya faili, kama mahali ilipopigwa. Ni sawa na fotokopi ya fotokopi ya kadi ya mpigakura: jina bado linasomeka kidogo, lakini picha imekuwa doa jeusi. Programu ya montaji, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kurudisha kilichokwisha kutupwa.

Jambo hili halihusu uzuri wa picha tu. Mwezi wa pili 2017, video iliyoonyesha wanajeshi wakiwapiga watu risasi huko Mwanza Lomba, Kasai Oriental, ilizunguka kwenye mitandao. Kwanza serikali iliikana. Mwezi uliofuata askari wakakamatwa, na mwezi wa saba mahakama ya kijeshi ya Mbuji-Mayi ikatoa hukumu. Mwezi wa tisa 2018, mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini iliwahukumu makamanda wawili wa kundi lenye silaha. Kati ya ushahidi uliopokelewa kulikuwa na picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness, ambayo huandika saa na mahali na kuonyesha kama picha imeguswa. Katika nchi ambamo neno la kwanza la mwenye kushtakiwa ni « hiyo ni montaji », faili ya asili ndiyo shahidi.

Basi, tufanye nini? Haihitaji mali nyingi. Inahitaji utaratibu.

Kwanza, kabla ya kukata hata sekunde moja, nakili video zote kutoka kwenye simu au kamera, uziweke katika folda moja yenye tarehe, mahali na jambo, kwa mfano 2024-06-30_Kamina_Ndoa. Ukianza na mwaka, folda zitajipanga zenyewe. Usiguse zile za asili. Fanya kazi kwenye nakala.

Pili, elewa kwamba faili ya mradi katika programu ya montaji haina video ndani yake. Ina maelezo tu: kata hapa, unga pale. Ukifuta au kuhamisha video ulizotumia, mradi utafunguka bila picha. Wengi wamepoteza kazi ya wiki nzima kwa kutojua hilo.

Tatu, angalia idadi ya picha kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo chini ya taa za ukumbi ni vizuri kupiga kwa picha 25 kwa sekunde kama kifaa kinaruhusu. Ukipiga kwa 30, mara nyingi mwanga huchezacheza. Simu nyingi pia hubadilisha idadi hiyo zenyewe zikiwa zinapiga. Ndiyo maana katika mahojiano marefu midomo na sauti huachana. Dawa yake ni kupitisha nakala kwenye HandBrake, programu ya bure, na kuchagua idadi isiyobadilika kabla ya kuanza montaji.

Nne, kompyuta dhaifu isikukatishe tamaa. Kdenlive na Shotcut ni za bure, na zote zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za kufanyia kazi. Unakata kwenye nyepesi, na mwishoni programu inatumia zile nzito. Umeme ukikatika mara kwa mara, washa kujihifadhi kwa mradi kila baada ya dakika chache.

Tano, wakati wa kutoa kazi, chagua MP4 yenye H.264. H.265 hupunguza uzito sana, hata karibu nusu, lakini simu na kompyuta za zamani nyingi hazifungui. Hesabu ya uzito ni rahisi: megabiti kwa sekunde, zidisha kwa 60, gawanya kwa 8. Video ya megabiti 8, inayofaa YouTube kwa ukubwa wa 1080, ina mega 60 kila dakika. Ya megabiti 2 ina mega 15. Kwa hiyo toa mbili: nzito ya kutunza, nyepesi ya kusambaza. Hivyo hata mwenye bando ndogo Bukama au Kabongo ataipata. Ukitaka mwenzako apokee ile kamili, itume WhatsApp kama dokima, si kama video.

Sita, weka nakala tatu, kwenye vifaa vya namna mbili, na moja ikae mahali pengine. Flashi na diski zikikaa pamoja mezani, mwizi mmoja anabeba zote. Diski moja kwa ndugu wa Lubumbashi, aliyeipeleka mtu wa kuaminika kwa treni, ni ulinzi kuliko intaneti yetu ya polepole.

Lakini mzigo huu usibebwe na vijana wa montaji peke yao. Redio na televisheni za mji, parokia, ofisi za jimbo na chuo kikuu wanunue diski ya kutunzia kama wanavyonunua mafuta ya jenereta. Na wewe mteja, unapolipa video ya ndoa au ya matanga ya mzazi wako, dai upewe pia zile za asili.

Haut-Lomami imekuwa jimbo tangu 2015. Historia yake inaandikwa sasa, na sehemu kubwa inaandikwa kwa simu. Walioimba mwaka 1958 walipata mtu wa kuwatunzia sauti, aliyetoka ng'ambo. Safari hii vifaa viko mikononi mwetu wenyewe.