Kipa akifungwa uwanjani, asifungwe tena nyumbani

Binti wa kidato cha pili anarudi nyumbani Ngombezi, Korogwe, viatu mkononi, vumbi la uwanja miguuni. Yeye ndiye kipa wa timu ya shule, na leo wamefungwa manne. Hata maji hajanywa, baba anauliza: "Mmepigwa ngapi?" Mama anaongezea: "Si nilikwambia mpira ni wa wavulana?" Usiku anasema hachezi tena.

Wazazi, kipa hubeba mzigo peke yake. Mshambuliaji akikosa mara tano kisha akafunga moja, anashangiliwa. Kipa akiokoa matano na kuponyokwa na moja, hilo moja ndilo linalokumbukwa.

Oktoba 2022, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, ilicheza Kombe la Dunia nchini India. Mechi ya kwanza ilifungwa na Japani mabao 4-0. Siku tatu baadaye ikaifunga Ufaransa 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Kanada, ikaingia robo fainali. Je, kama wangekatishwa tamaa baada ya yale manne?

Basi mtoto akirudi, mpe kwanza maji na chakula. Kisha muulize: "Shuti lipi kali ulilidaka leo?" Makosa atayasema mwenyewe akitulia, na mwalimu wa michezo atayarekebisha mazoezini. Kazi ya nyumbani ni kumfanya kesho atamani kurudi golini.