Chemirocha wa Kapkatet
Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli wa Mississippi aliyegeuka mpiga gitaa na mwimbaji wa kantri, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1933 bila kukanyaga Afrika. Santuri zake zilikanyaga. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki mwenye makao Afrika Kusini, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet, ng'ambo ya Kericho ukitokea Nakuru, wakimwimba kwa kinubi, jina lake likitamkwa kwao Chemirocha: nusu mtu, nusu swala. Wageni hucheka, eti ushamba. Mimi nauona uhakiki wa hali ya juu. Sauti isiyo na mwili, tena inayoruka kwa yodeli namna ile, ungeipa miguu gani? Kinachoniudhi ni kwamba rekodi zilikaa Afrika Kusini hadi muongo uliopita, ndipo Tabu Osusa wa shirika la Ketebul Music na wenzake wakasaidia kuzirudisha kijijini.