Kibarua na Ajira ya Kudumu: Nani Abebe Mashaka?

Suala la kuchagua kati ya ajira ya kudumu na riziki ya siku kwa siku haliwezi kujadiliwa Makadara na Mji wa Kale, Mombasa, bila kurejea historia ya bandari ya Kilindini, iliyotegemea vibarua kwa miongo mingi. Neno kibarua, ambalo asili yake ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi alichopewa mtu kuthibitisha kazi aliyoifanya, lilikuja kumaanisha kazi yenyewe na mfanyakazi wake.

Watawala wa Kiingereza waliuhesabu ukibarua kuwa uvivu, ilhali aliyekuwa na shamba, dau la kuvulia au chumba kwa jamaa zake aliweza kwenda bandarini siku aitakayo na kumwepuka msimamizi dhalimu kesho yake. Hata hivyo, uhuru huo ulimfaa mwenye pa kuegemea tu, kwani maisha yalipopanda bei, siku isiyo na meli ilikuwa siku ya njaa. Ndiyo maana katika mgomo mkuu wa Januari 1947, uliomtoa Chege Kibachia kuwa kiongozi wa wafanyakazi, vibarua na waajiriwa wa mwezi walisimama pamoja.

Baada ya hapo, hasa katika miaka ya 1950, bandari iliwageuza vibarua kuwa wafanyakazi wa kudumu. Waliosajiliwa walipata mshahara wa uhakika na kupoteza hiari ya siku zao, huku waliobaki nje wakikosa vyote viwili.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja, na kifungu chake cha 37 kinamhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimiza mwezi mmoja. Kinga hiyo ni njema, lakini inampa mwajiri asiye mwadilifu sababu ya kumwachisha mtu kazi kabla mwezi haujatimia.

Kwa hiyo, haki za matibabu na uzeeni zinapaswa kumfuata mtu, si cheo, na kila siku ya kibarua iandamane na mchango wa mwajiri, ulioandikwa kwenye karatasi ileile iliyoipa kazi hiyo jina.