Paka Naye Ana Haja na Msomi wa Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili anapotafuta kazi ya kujitolea, aghalabu hubisha milango mitatu: shule, chumba cha habari na kampuni ya uchapishaji. Ni nadra abishe mlango wa kituo cha kutunza wanyama. Hata ampendaye paka hudhani kwamba kazi hiyo ni milki ya waliosomea utabibu wa wanyama.

Dhana hiyo ina ukweli nusu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 kuhusu madaktari wa mifugo haimruhusu asiyesajiliwa kumtibu mnyama. Mwanaisimu hawezi kumdunga paka sindano wala kumfunga kizazi. Hata hivyo, kituo hakiendeshwi kwa sindano pekee. Kuna vizimba vya kusafishwa, kumbukumbu za kuandikwa na, zaidi ya yote, umma wa kuelimishwa. Hapo ndipo msomi wa lugha ana mtaji.

Chambilecho wahenga, jina jema hung'ara gizani. Lakini jina baya laweza kuua. Ugonjwa uitwao kichaa cha mbwa humpata paka pia, naye humwambukiza binadamu kwa kumng'ata. Mzazi aliyezoea jina hilo huenda asione sababu ya kumkimbiza hospitalini mtoto aliyeng'atwa na paka. Ilhali dalili zikishajitokeza, kupona ni muhali. Kinga ni kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha kutafuta chanjo bila kuchelewa. Kenya ilijiwekea mkakati wa kuwaepusha watu na ugonjwa huu kati ya 2014 na 2030. Mkakati huo hautafaulu ikiwa istilahi yenyewe inamficha paka.

Au tutazame Lamu, ambako paka ni sehemu ya vichochoro kama alivyo punda. Paka jike huweza kushika mimba angali na miezi minne hivi, akaibeba kwa takriban miezi miwili. Kumshawishi mwenye nyumba akubali afungwe kizazi hakuhitaji tafsiri kavu ya kijitabu. Kunahitaji Kiamu, subira na adabu ya barazani.

Wapo watakaouliza: je, kujitolea kunalipa kodi ya nyumba? La, na vituo visigeuze hisani kuwa utumwa. Vimlipie msaidizi nauli, vimpe chanjo ya kinga kabla hajamshika mnyama, na vimwandikie barua ya kuthibitisha kazi yake.

Vyama vya Kiswahili navyo vianze tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa kuandaa maelezo yanayomtaja paka waziwazi. Lugha isiyomfikia mtoto aliyeng'atwa imemfaa nani?