Chupa Zisizoota Kitu

Mwaka 1955 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya Craddock na Gear kuhusu homa ya Q mjini Nakuru. Mbuzi, kondoo na ng'ombe, ambao huweza kuueneza, wangali Njoro na Molo, lakini ugonjwa wenyewe ni nadra kutajwa wodini. Mfikirie mgonjwa ambaye vali zake za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi: ana homa ya wiki kadhaa, na chupa za damu zimekaa maabara siku tano bila kuota kitu. Mara nyingi sababu ni dawa aliyopewa kabla ya kutolewa damu, na tiba ya kosa hilo ni kutoa damu kwanza. Lakini Coxiella burnetii, bakteria wa homa ya Q, huishi ndani ya seli na hawaoti katika chupa hizo hata damu ikitolewa mapema. Hapo hoja yetu ni moja: tupime kingamwili.

Wapo watakaosema kwamba mfugaji yeyote huwa nazo. Ni kweli kwa baadhi yao, na ndiyo maana jibu la "ipo" au "haipo" halitoshi. Utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu vituo vya afya vya magharibi mwa Kenya ulionyesha jinsi jibu la namna hiyo linavyoweza kupotosha, kwa kipimo cha haraka cha brusela, ugonjwa mwingine wa mifugo. Kipimo tunachokitetea ni cha namna nyingine: seramu huzimuliwa mara 100, 200, 400, 800 na kuendelea, ikadondoshwa juu ya bakteria waliouawa walio kwenye kioo, na mtaalamu akatazama kwa darubini mng'aro unazimika wapi. IgG (aina ya kingamwili) ya awamu ya kwanza ikizidi 1:800, vigezo vya Duke vya mwaka 2000 vya kutambua maambukizi ya vali za moyo vinaihesabu kuwa ushahidi mkuu. Bado lazima isomwe pamoja na picha ya moyo, maana kingamwili za Bartonella na za Coxiella huweza kuchanganyana.

Gharama nayo ni hoja nzito. Lakini seftriaksoni na jentamisini zinazotolewa kwa kawaida hazimtibu mgonjwa mwenye Coxiella. Anahitaji doksisaiklini na haidroksiklorokwini kwa miezi isiyopungua 18, na hakuna daktari atakayeanza safari hiyo kwa kubahatisha. Wala si lazima kumpima kila mwenye homa. Kwa kuwa bakteria hawa hutoka kwa wingi mnyama anapozaa, tuwachague kwa swali moja kwenye fomu ya maabara: je, nyumbani kuna mnyama aliyezaa au kutupa mimba, na nani alilishika kondo la nyuma?