Bibi kapewa tanuri, sisi tumepiga makofi

Na Babu Nongwa

Anayetaka kuniona nimekasirika kweli anialike kwenye makabidhiano. Wasomaji wangu wa kudumu mnaujua ugomvi wangu na viti vya plastiki vinavyovalishwa gauni jeupe na kufungwa utepe kiunoni. Wiki hii nimevikuta Haneti, huku kwetu Dodoma, vimepangwa chini ya hema, na mbele yake meza kuu yenye maji ya chupa ya baridi. Ilikuwa saa saba mchana. Wazee waliosombwa kuja kushuhudia ukarimu walikaa nje ya hema, vumbini, migolole na kanga kichwani.

Kilichokabidhiwa ni nyumba. Kikundi cha hisani kutoka mjini (sikitaji, wenyewe wanajijua) kimemjengea bibi mmoja mjane, macho hayaoni vizuri, chumba na sebule. Kuta za tofali za saruji, bati jembamba, dirisha moja linalotazama magharibi, dari hakuna. Niliingia kukagua, maana umbea ndiyo kazi yangu. Nilitoka shati limegandamana na mgongo.

Bibi akapewa kipaza sauti ashukuru. Akasema: "Asanteni wanangu. Nyumba nzuri. Nilifikiri nifugie kuku, ila naona watakufa." Watu wakaangua kicheko, emsii akasema jamani Wagogo kwa utani! Mimi sikusikia utani. Nilisikia mtu anayezijua nyumba.

Maana nyuma ya hiyo nyumba mpya palikuwa na tembe lake. Nasema palikuwa, kwa sababu waandaaji waliagiza libomolewe mapema, eti linaharibu picha. Tembe la Kigogo, kwa vijana mliozaliwa na bati kichwani, paa lake ni bapa: magogo, juu yake fito, juu yake udongo mzito. Jua linahangaika na ule udongo mchana kutwa, na likija kupenya jioni imefika. Bati halihangaiki. Saa nne asubuhi limeshakukabidhi jua lote kama lilivyotoka juu.

Najua mtaniambia habari za papasi. Shemeji yangu kanipigia simu kunihutubia kuhusu homa ya papasi. Ni kweli, papasi hupenda nyufa za tembe, na homa yao si mchezo. Dawa ya papasi ni kuziba nyufa na kukandika sakafu. Na kama ni lazima bati, basi liwe na dari, ukuta upandishwe, madirisha yatazamane upepo upite. Fedha ya dari ilikuwapo. Niliiona imevaliwa: fulana mpya za wajumbe wote, rangi ya kijani.

Mtu mzima wa miaka themanini mwili wake hautoi jasho kama wako, na kiu haimwiti hata pale maji yanapomwishia mwilini. Anasinzia tu. Majirani wanasema kapumzika. Ufaransa, nchi yenye hospitali za kila namna, joto la Agosti 2003 liliondoka na watu karibu 15,000, wengi wao wazee, na wengi wao wakiishi peke yao. Huko Ahmedabad, India, tangu 2013 mji una mpango wake wa joto, na mapaa ya maskini yanapakwa rangi nyeupe yarudishe jua lilikotoka. Rangi nyeupe, jamani. Hata utepe wa viti ni ghali zaidi.

Sisi joto tunalifanyia hotuba. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee, tunawakusanya wazee uwanjani tuwaambie tunawapenda, wakati wiki moja tu baadaye jua la utosi linapita juu ya Dodoma yetu. Halafu Novemba yote hii tunasubiri mvua ambayo Ugogo huja Desemba ikijisikia. Angekuwa adui ndiye anayepanga ratiba hiyo, asingebadilisha kitu.

Anayemsaidia yule bibi hayumo kwenye picha yoyote. Ni binti wa jirani, wa darasa la tano kwa kimo chake, anayepita asubuhi na dumu kabla ya shule, anammiminia mtungini, anamwamkia "mbukwa" kwa sauti kubwa na hatoki mpaka aitikiwe. Siku bibi akichelewa kuitika, mama mtu anaitwa. Huo ndio mfumo mzima wa tahadhari wa kitongoji kile. Hauna emsii. Siku ya makabidhiano binti huyo alifukuzwa kwenye hema kwa kuwa hakuwa na fulana.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa, kuna kitu kimoja cha maana walikiacha: bango. Turubai zito, refu, lenye sura za wafadhili wote wakitabasamu. Mama jirani kalifunga kwenye miti minne nje ya ile nyumba, sura zikitazama juu, na bibi anashinda chini yake. Waheshimiwa sasa wanapigwa jua kuanzia asubuhi, kazi ambayo kwa hiari wasingeifanya.

Juzi wametuma kijana wa bodaboda alifuate, linatakiwa kwenye hafla nyingine. Mama jirani kamjibu arudi mvua ikishanyesha.