Hata Kutus De'Mathew alililiwa
Mwandishi wa makala hii anasema mashabiki wa mwanamuziki wa benga John De'Mathew walimlilia kwao Gatanga, Murang'a. Sawa, lakini si huko tu, na yule ndugu aliyetoa maoni hapo juu anayedai benga ni mali ya Murang'a peke yake apunguze kidogo. Agosti 2019, kesho yake baada ya ajali ya Thika iliyomuua Jumapili jioni ya tarehe 18, steji ya matatu ya Kutus, huku Kirinyaga, iligeuka matanga. Matatu za Kerugoya, Embu na Ngurubani zilipiga nyimbo zake tu, makanga wakasahau kuita abiria, na mama mmoja muuza mchele akawa anaimba huku machozi yanamtiririka, gorogoro mkononi haijajaa. Nani aliwaita watu? Hakuna. Huku mtu hulia akicheza.

Jambo ambalo makala imelipitia mbio: marehemu alikuwa mwenyekiti wa Tamco, sako ya wanamuziki, na jioni ile alikuwa anatoka kwenye mchango wa mwanamuziki mwenzake. Alipozikwa Jumamosi tarehe 24, vijana wa bodaboda wasio na nauli ya Gatanga walizunguka redio moja pale stejini, na mteja aliyetaka kupelekwa Kerugoya alisubiri.